Mafiga Matatu ya Kamera: Namna ya Kuchagua Tripodi ya Lenzi Nzito

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

 

Wengi wetu tukisikia neno kamera tunafikiria simu. Ukitaka picha unaitoa mfukoni, unabonyeza, kwisha. Leo sitaki kuzungumzia simu. Nataka kuzungumzia zile lenzi ndefu na nene kama kinu, zinazovuta ndege aliye ng'ambo ya ziwa hadi ukadhani yuko mlangoni pako. Hasa nataka kuzungumzia kitu kinachozibeba, yaani stendi ya miguu mitatu ambayo wapiga picha huiita tripodi.

Huenda ukauliza, mwanafunzi wa shule ya kutwa ana habari gani na vitu vya bei kama hiyo? Swali zuri. Jibu ni kwamba mwaka uliopita nilichagua tripodi mbaya, na kosa langu likamgharimu mjomba wangu fedha ambazo hakuwa nazo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi mimi mjukuu wangu nimempeleka shule, na haya ndiyo aliyojifunza.

ILIVYOKUWA

Mjomba wangu ana studio ndogo ya picha hapa mjini Nakuru. Mama husimulia kwamba zamani, siku ya Krismasi, watu walipanga foleni hadi barabarani, watoto kwa wazee, nguo mpya na mafuta usoni. Simu zilipoingia, foleni ikayeyuka kama barafu juani. Zikabaki picha za pasipoti na za vyeti. Mjomba hakukaa kulia. Alichukua mkopo katika chama chao akanunua lenzi ya mkono wa pili ya milimita 500, ili apige picha za ndege wa maziwa yetu auzie hoteli na watengenezaji wa kalenda.

Ikabaki tripodi. Siku hiyo alikuwa na kazi ya harusi, akanipa pesa na kuniambia, "Mpwa wangu, nenda uniletee tripodi imara. Usitazame rangi."

Dukani nilionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa imetumika, nyeusi, nene, nzito, rangi imechubuka. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, ina pete za buluu, inakunjika ikaingia kwenye mfuko mfupi kama mkono wangu. Kwenye boksi iliandikwa kwamba inabeba kilo 8. Bei zilikaribiana. Nikajiuliza swali moja tu: ni nani atakayeibeba hii kitu kila tukienda porini? Ni mimi. Nikachukua nyepesi.

Mjomba aliigeuzageuza mkononi akauliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Muuzaji amesema hii ndiyo imara." Muuzaji hakusema hivyo. Ni mimi niliyesema.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka saa kumi alfajiri kwenda Ziwa Bogoria. Kule, karibu na chemchemi za maji moto, mtu anaweza kushuka garini akatembea sehemu zilizoruhusiwa, na heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, husimama majini kwa maelfu. Mjomba alipiga picha zaidi ya mia tatu. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana safi. Kisha akageuka kuchukua betri mfukoni. Kichwa cha tripodi kikalegea, lenzi ikainamisha pua, uzito wote ukaenda mbele, kibano cha mguu mmoja kikaachia. Nilinyoosha mkono nikashika hewa. Lenzi ikaanguka juu ya mawe.

Mjomba hakunigombeza. Aliiokota, akaipanguza kwa shati lake, akasema, "Jua limeshapanda. Twende nyumbani." Ndani ya matatu aliipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Fundi wa Nairobi aliitengeneza kwa pesa zilizotosha kulipa mkopo miezi mitatu. Na tulipozifungua zile picha kwenye kompyuta, tukaona kwamba hata kabla ya kuanguka tulikuwa tumeshapoteza. Katika picha zaidi ya mia tatu, nzuri zilikuwa tisa. Nyingine zote, jicho la ndege lilikuwa limevutika kama mstari.

Baada ya hapo nilianza kuuliza maswali. Nilimuuliza mwalimu wetu wa Fizikia, nikawauliza wapiga picha wenzake mjomba, nikasoma.

KWA NINI LENZI NDEFU HAITAKI MTIKISIKO

Lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona eneo pana, nyuzi 46 hivi kutoka kona hadi kona ya picha. Lenzi ya milimita 500 huona nyuzi 5 tu. Kipande hicho kidogo ndicho kinachotandazwa kujaza picha nzima. Kwa hiyo ndege anakuzwa, lakini na mtikisiko wako unakuzwa vilevile. Lenzi haichagui.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kamera ya mjomba ina kihisi cha upana wa milimita 36. Kwa lenzi ya milimita 500, kitu kilicho umbali wa mita 100 kinaonekana katika upana wa mita 7.2. Sasa chukua pembe ndogo sana, sehemu moja ya mia ya digrii. Huwezi kuiona kwa macho. Lakini lenzi ikizunguka pembe hiyo wakati kamera inanasa picha, kule mita 100 mbele inakuwa imehama karibu sentimita 1.7. Jicho lote la heroe ni dogo kuliko hapo! Ndiyo maana macho ya ndege wetu yalikuwa mistari.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika kamera kwa mikono, muda wa kufunguka kwa kilango chake usizidi sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 500 ni 1/500 ya sekunde au chini ya hapo. Mchana wa jua kali hilo linawezekana. Alfajiri, wakati mwanga ni mzuri na ndege wametulia, mwanga hautoshi. Kilango lazima kikae wazi muda mrefu zaidi, na hapo ndipo tripodi inapohitajika.

KWA NINI MIGUU NI MITATU

Sisi tumekua tukiona jibu jikoni. Figa moja haliinjiki chungu, na mafiga mawili vilevile. Yakiwa matatu, chungu kinatulia hata kama ardhi si sawa. Sasa tazama madawati yetu ya Kidato cha Tatu. Yana miguu minne, na nusu yake yanayumba hadi tuyawekee karatasi chini. Sababu ni kwamba nukta tatu zikiwa popote hukaa kwenye bapa moja, lakini ya nne ina hiari yake. Ikiwa fupi kidogo tu, kitu kizima kinacheza.

Lakini miguu mitatu inazuia kuyumba, haizuii kupinda wala kutetemeka. Kiti cha miguu mitatu ya mabua kitasimama vizuri mpaka ukikalie. Kwa hiyo kuhesabu miguu hakutoshi.

KWANZA JUA UZITO WAKO

Kabla ya kwenda dukani, pima mzigo wako. Lenzi ya mjomba ni Canon ya milimita 500 iliyotoka mwaka 1999, na ina uzito wa kilo 3.87. Ukiongeza kamera unakaribia kilo 5. Hizo ni pakiti mbili na nusu za unga wa ugali, zote zikiwa juu ya tripodi, tena zikiwa zimejitokeza mbele.

Si lenzi zote zilizo nzito hivyo. Ile ya Nikon ya milimita 200 hadi 500, ya mwaka 2015, ina kilo 2.3. Sigma wametengeneza lenzi za milimita 150 hadi 600 zenye uzito tofauti: moja ni kilo 1.93, nyingine kilo 2.86. Kwa upande mwingine, Canon ya milimita 600 ya mwaka ule wa 1999 inafika kilo 5.36. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nataka ya lenzi ndefu" ukaishia hapo. Mwambie kilo.

Sasa tuje kwenye namba iliyo kwenye boksi, iliyonidanganya mimi. Kilo 8 na mzigo wetu ulikuwa 5. Si ilitosha? Lakini wapi! Watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote. Kila mmoja hupima kwa njia yake, na mara nyingi namba hiyo inamaanisha uzito ambao tripodi itaustahimili bila kuvunjika au kuporomoka. Haimaanishi kwamba itatulia. Punda anaweza kubeba gunia akiwa anayumba njia nzima. Ndiyo maana wapiga picha wengi hushauri kuchukua tripodi iliyoandikwa mara mbili au tatu ya uzito wa vyombo vyako. Kwa kilo 5, tafuta kilo 10 hadi 15, kisha bado uijaribu mwenyewe.

TAZAMA MIGUU

Miguu ya tripodi huingiana kama pingili za muwa zilizochongwa zikaingizwa moja ndani ya nyingine. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni unene. Mwalimu alinieleza kwamba bomba likiwa na ukuta wa unene uleule, ukiongeza kipenyo chake mara mbili, linakuwa gumu kupinda takriban mara 8. Nilipima tripodi niliyoinunua: bomba la juu lilikuwa milimita 20. Ile nyeusi niliyoiacha ilikuwa kama milimita 32. Piga hesabu mwenyewe. Ile niliyoikataa ilikuwa ngumu takriban mara 4. Naam, niliacha dhahabu iliyochubuka nikachukua bati linalong'aa.

La pili ni idadi ya pingili. Tripodi inayokunjika ikawa fupi sana lazima iwe na pingili nyingi, na kila pingili ya chini ni nyembamba kuliko ya juu yake. Yangu ilikuwa na tano, na ya mwisho ilikuwa nyembamba kama kalamu. Isitoshe, kila kiungo kina kibano, na kila kibano ni mahali pa kuteleza. Kwa lenzi nzito, pingili tatu ni bora. Nne si mbaya kama ni nene.

La tatu ni mlingoti wa katikati, ile nguzo unayoweza kuipandisha juu. Huo ni mtego. Ukishaupandisha umetoka kwenye miguu mitatu ukarudi kwenye mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu. Tripodi nyingi za lenzi nzito hazina mlingoti kabisa, zina bamba bapa tu juu. Kama yako inao, uache chini. Na kama tripodi haikufikii kifuani bila mlingoti, hiyo ni fupi kwako.

Angalia pia kama miguu inaweza kupanuliwa sana hadi tripodi ikae karibu na ardhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ndege wa majini hupendeza wakipigwa picha kutoka chini, usawa wa macho yao.

ALUMINI, KABONI AU MBAO?

Tripodi za alumini ndizo nyingi na ndizo nafuu. Ni imara zikiwa nene, lakini ni nzito, na ukizigonga hulia kwa muda kama kengele ya shule. Hapa kwetu zina adui mwingine. Maji ya Bogoria yana chumvi na magadi, na wale tunaosoma Kemia tunajua kwamba alumini huliwa na alkali. Ukiingiza miguu ndani ya maji yale, isuuze kwa maji safi siku hiyohiyo.

Nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko alumini kwa ugumu uleule, na hunyamazisha mtetemo haraka zaidi. Ubaya wake ni bei. Pia zikipigwa na kitu kigumu hazibonyei kama bati, zinaweza kupasuka.

Mbao zimesahauliwa na wengi, lakini mbao hunywa mtetemo vizuri sana. Ujerumani kuna kampuni inayoitwa Berlebach iliyoanza mwaka 1898, na mpaka leo inatengeneza tripodi za mbao. Na kama umewahi kumwona msoroveya akipima barabara au shamba, utakumbuka kwamba chombo chake mara nyingi kinasimama juu ya miguu ya mbao. Msoroveya akikosea kwa unywele mmoja, majirani wawili wataenda mahakamani. Hawezi kucheza na mtikisiko.

KICHWA NACHO KINA KAZI

Unaweza kununua miguu mizuri ukaharibu kazi kwa kichwa kibaya. Ndicho kilichotuangusha Bogoria.

Kichwa cha kawaida ni cha gololi: mpira wa chuma ndani ya kikombe, unaoukaza kwa skrubu. Kwa kamera ndogo kinafaa. Kwa lenzi nzito ni hatari, maana uzito wote unakaa juu ya gololi. Ukilegeza kidogo ili ugeuke, lenzi inaanguka upande kama kichwa cha mtu anayesinzia ibadani, na inaweza kuangusha tripodi nzima. Ukilazimika kukitumia, chukua kikubwa, na mkono wako usiiache lenzi hata mara moja kabla hujakaza.

Kinachopendwa na wapiga picha wa ndege na wanyama ni kichwa cha bembea, ambacho wenyewe hukiita gimbali. Hapa lenzi haikai juu, inaning'inia kwenye mkono ulio kando. Unaisogeza mbele na nyuma hadi kitovu cha uzito kikae sawa na mhimili. Ikishasawazika, unaigeuza kwa kidole kimoja kumfuata furukombe anayeruka, na ukiiachia inabaki palepale ulipoiacha. Ni kama mizani ya sokoni pande zote zikiwa sawa.

Usisahau pete ya lenzi. Lenzi nzito huja na pete yenye mguu mdogo chini yake. Funga mguu huo kwenye tripodi, usifunge kamera. Ukifunga kamera, lenzi inaning'inia mbele na shingo ya kamera ndiyo inayoumia.

JINSI YA KUIJARIBU

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo usinunue kabla hujafanya mambo haya:

1. Fungua miguu yote hadi mwisho. Weka viganja juu na usukume chini kwa nguvu. Kibano kikiteleza hata kidogo, ikatae.

2. Shika kilele kwa mikono miwili ujaribu kukisokota kama anayekamua nguo. Kila tripodi itasogea kidogo, lakini nzuri hurudi mara moja na kutulia.

3. Omba ruhusa ufunge mtungi wa maji. Lita 5 ni kilo 5, lita 10 ni kilo 10. Uning'inize chini ya kichwa uone kama miguu inapinda au kutanuka.

4. Ukiwa na kamera na lenzi, kuza picha kwenye kioo cha nyuma, gonga lenzi kwa kidole, uhesabu hadi picha itulie. Hiki ndicho kipimo cha kweli kuliko namba yoyote ya boksi.

5. Uliza kuhusu vipuri. Mguu uliopotea au skrubu iliyoliwa haifai kukulazimisha kununua tripodi nyingine.

Mimi sikuwa na lenzi ya kuchezea, kwa hiyo mwalimu wa Fizikia aliniruhusu kutumia maabara siku moja jioni. Nilifunga mzigo wa kilo 5 juu ya tripodi yangu ya buluu, nikabandika kioo kidogo, nikamulika tochi yenye mwanga mwembamba ili nukta iangukie ukuta wa mbali. Nikagonga mguu. Nukta ilicheza chakacha ukutani kwa zaidi ya sekunde nne! Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka sana.

UKISHAIPATA, ITUMIE VIZURI

Mguu mmoja uelekee mbele, upande wa lenzi, ili wewe usimame kati ya ile miwili ya nyuma. Fungua pingili nene kwanza, za chini ziwe za mwisho. Upepo ukivuma, ning'iniza mfuko wako katikati, lakini uguse ardhi kidogo. Mfuko unaobembea unaleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Weka mkono mmoja juu ya lenzi na ubonyeze jicho lako kwenye kamera, maana mwili nao hunyamazisha mtetemo. Kama kitu unachopiga kimetulia kabisa, tumia waya wa kufyatulia au ule muda wa kuchelewesha. Kamera za zamani zina kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, na kasi ndogo kama 1/15 ya sekunde huonyesha mruko huo waziwazi.

Kuna mahali tripodi haina kazi. Ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru huruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Ndani ya gari, dawa ni mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe, ukaulaza dirishani na lenzi juu yake. Mwambie dereva azime injini. Na mkirudi nyumbani jioni bila unga, angalau maharagwe mnayo!

MWISHO WA HADITHI

Lenzi iliporudi kutoka Nairobi, mjomba hakuwa na pesa ya tripodi nyingine. Ni mimi niliyekumbuka wasoroveya. Niliulizauliza mpaka nikapata mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo. Uani kwake kulikuwa na miguu ya mbao iliyolala chini ya mabati, kuku wakiitagia kando. Alituuzia kwa bei ya huruma. Tatizo lilikuwa skrubu. Vyombo vya soroveya hutumia skrubu ya inchi 5/8, vichwa vikubwa vya kamera hutumia inchi 3/8, na kamera ndogo inchi 1/4. Fundi mmoja wa jua kali alituchongea kiungo cha chuma, nasi tukakifunga. Kichwa cha bembea tulinunua cha mkono wa pili, baada ya mimi kukijaribu kwa mtungi wa maji mbele ya mwenye duka hadi akachoka nami.

Niliipeleka maabara. Nilipogonga mguu, nukta ukutani ilitulia kabla sijamaliza kusema "moja".

Siku tuliyorudi Bogoria, nilishindwa kuvumilia. Tulipokuwa tukitembea gizani kuelekea ziwani nilimwambia, "Mjomba, yule muuzaji hakusema ile tripodi ilikuwa imara. Nilisema mimi, kwa sababu ilikuwa nyepesi."

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Najua. Nilimuuliza wiki ileile lenzi ilipoanguka. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Halafu akaniuliza, "Hiyo unayobeba ina uzito gani?"

Nikamjibu, "Kilo sita na nusu, mjomba."

Akasema, "Basi tembea."

Asubuhi ile alipiga picha mia mbili hivi. Zile zilizofaa hazikuwa tisa. Moja, ya heroe watatu wameinama kunywa, imening'inizwa katika hoteli moja ya hapa mjini, na mkopo wa chama unaendelea kulipwa.

Ndugu msomaji, huenda usinunue lenzi ya milimita 500 maishani mwako. Lakini siku moja utatumwa kuchagua kitu ambacho kitabeba mali ya mtu mwingine. Usikipime kwa bega lako, kipime kwa mzigo kitakaoubeba.